Bia ya Tangi la Pili

Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, kwenye baraza la kiwanda kidogo cha bia cha Gasper pale Mlabani, meza ilitandikwa kitambaa cheupe. Juu yake ziliwekwa glasi, jagi la maji, sahani ya vipande vya mkate vya kusafishia mdomo, na fomu tatu. Fomu zilikuwa na sehemu nne za kujaza: rangi, povu, harufu na ladha, kila moja alama kumi. Herufi za chini zilikuwa zimefifia kwa sababu mashine ya jirani ilikuwa inaishiwa wino, na jirani huyo si mtu wa kukubali kwamba kitu chake kimeisha.

Bia zilikuwa mbili, zote za mchele wa Ifakara uliochanganywa na kimea cha shayiri, moja ya tangi la kwanza na nyingine ya tangi la pili. Waonjaji walitakiwa kuchagua ipi iwekewe lebo na kusambazwa mkoa mzima.

Waonjaji walikuwa watatu. Wa kwanza Balbina, mwenye grosari Kibaoni, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa vilevile. Wa pili Mzee Ponsiano, mwenyekiti wa mtaa, ambaye hata siku ya kunywa alikuja na mhuri mfukoni. Wa tatu Leticia, mpika komoni, ile pombe ya kienyeji. Huyu Gasper hakumwalika. Balbina ndiye aliyempakia kwenye bodaboda, akisema kuonja bia Ifakara bila Leticia ni sawa na kuposa bila mshenga.

Hakukosea. Ukimpa Leticia komoni, anakwambia maji yalitoka kisima gani, kuni zilikuwa mbichi au kavu, na kama aliyepika siku hiyo alikuwa amenuniana na mumewe. Ulimi ule haukuwahi kusema uongo, hata pale uongo ulipokuwa na faida.

"Karibu, shemeji Leticia," alisema Gasper, na tabasamu likamkwama nusu njia.

"Asante," alijibu Leticia, akakaa.

Gasper alimwita shemeji kwa sababu ya Lukelo. Lukelo alikuwa mume wa Leticia na mfanyakazi wa Gasper. Kazi yake ilikuwa kuosha matangi. Ijumaa moja ya Desemba iliyopita alitoka nyumbani asubuhi na hakurudi. Kesho yake ujumbe uliingia kwenye simu ya mkewe kutoka namba ya Lukelo: "Leticia nimepata kazi kwenye miwa na mwanamke mwingine, usinitafute." Gasper alipoulizwa alisema ni kweli, Lukelo aliaga na mshahara wake akachukua. Leticia alikwenda kwenye mashamba ya miwa mara mbili, akauliza kambi kwa kambi, akarudi na vumbi tu. Ndugu wa mume walisema hawawezi kuweka matanga ya mtu anayetuma ujumbe. Basi miezi minane mama wa watu akawa si mke, si mjane. Nguo nyeusi hakuruhusiwa kuivaa, na kitenge cha maua alikivaa kwa aibu. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, kujua yeye ni nani kati ya hao wawili.

Walianza na bia ya tangi la kwanza. Leticia alinusa, akaonja, akaisukuma huku na huku mdomoni.

"Maji ya bomba," alisema. "Mchele wa mwaka jana. Na aliyepika alikuwa anaangalia simu, ameiacha ikachemka kupita kiasi."

Gasper naye akaonja, akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Wakaipa sita kila sehemu.

Kabla ya kumimina ya pili, Gasper alikohoa kidogo. "Hii ina tabia ya kuongea," alisema. "Msishangae. Wateja wa Morogoro wanainywa toka Januari, wameizoea. Ni hamira."

"Kuongea si neno," alisema Balbina, "ila isitukane watu."

Bia yenyewe ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Rangi ya asali, povu jeupe lililotulia. Balbina alipiga funda moja, akameza, na mdomoni mwake ikatoka sauti nzito ya mwanamume wa makamo: "Bosi, mshumaa umezimika."

Balbina akajifuta povu mdomoni, na sauti yake ikamrudia. "Povu nane," alisema, akaandika.

Leticia aliweka chini kipande cha mkate alichokuwa ameshika. Sauti ile aliijua. Alikuwa ameamshwa nayo miaka kumi na moja.

Mzee Ponsiano akafuata. Alikunywa taratibu kama mtu anayesoma mkataba, akameza, na sauti ileile ikatoka kwenye midomo yake ya kizee: "Sawa bosi, nashuka hivyo hivyo. Ila leo niwahi nyumbani, Mama Omega kapika perege."

Omega ni binti wa Leticia na Lukelo, ana miaka minne. Na ni kweli Ijumaa ile kulikuwa na perege. Samaki hao walikaa kwenye sufuria mpaka Jumapili, ndipo Leticia akawamwaga.

Lakini kazi ni kazi. Alichukua glasi yake, akanusa, akaonja. Mdomo wake mwenyewe ukafunguka na kusema, kwa sauti ya mumewe: "Mama Omega, ule ujumbe sikuandika mimi."

Alijua. Jamani, alikuwa anajua siku zote! Tangu binti yao azaliwe Lukelo hakuwahi hata siku moja kumwita kwa jina la Leticia, kama ule ujumbe ulivyoanza. Lakini kujua moyoni ni kitu kimoja, na kusikia ni kingine. Alishtuka mpaka kiti kikalia. Akasubiri povu likauke mdomoni ili apate kusema kwa sauti yake.

"Gasper," alisema, "kwetu mwenye pombe huonja kwanza."

Neno hilo liliwakalia vibaya wote mezani, kwa sababu ni kweli na walikuwa wamelisahau. Bonde zima, toka wakati wa mababu, mpika pombe hupiga funda la kwanza mbele ya wageni kutoa sumu. Hata komoni ya msibani huonjwa hivyo. Bia za chupa ndizo zilizowazoesha watu kunywa bila kumwona aliyepika. Na Gasper, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa amemimina hii ya pili akasimama pembeni mikono nyuma.

"Natumia dawa, shemeji," alisema Gasper.

"Dawa ya nini?"

"Ya tumbo."

"Ya kwanza umeonja, tumbo halikusema kitu," alidakia Balbina. "Eti mzee mwenyekiti, si ameonja?"

"Ameonja," alisema Mzee Ponsiano, akaiangalia glasi yake kwa mashaka. "Kunywa, bwana. Mwenyewe asipoonja pombe yake, sisi tuliokunywa tumekunywa nini?"

Hapo hapakuwa na njia. Mtu anayekataa kuonja pombe yake mbele ya mashahidi amekwisha kusema yote, na Gasper alilijua hilo tangu ananyonya. Akajimiminia nusu glasi. Akafumba macho, akameza.

Sauti ya Lukelo ilitoka mdomoni mwa Gasper, tulivu, ya mtu asiye na haraka tena.

"Ilikuwa Ijumaa saa tisa mchana. Nikashusha mshumaa ndani ya tangi la pili kwa kamba kama kawaida, ukazimika. Mshumaa ukizimika maana yake hewa mbaya ya bia bado imelala chini, mtu asishuke. Nikamwambia bosi. Akasema shuka hivyo hivyo, gari la Morogoro liko njiani. Nikashuka. Sikuumia, Mama Omega, nilisinzia tu. Alinitoa, akanizika hapa nyuma ya kiwanda, halafu akajenga baraza. Nipo kigae cha tatu kutoka mlangoni, chini ya meza. Simu yangu ipo kwenye droo yake."

Povu likakauka. Gasper akachukua kipande cha mkate, akatafuna.

Balbina aliruka kwenye kiti. "Mungu wangu! Haki ya Mungu, Gasper! Yaani ulikaa ukaandika ujumbe kwa simu ya marehemu? Vidole vyako hivyohivyo? Na ukamzulia mwanamke!" Bia kuongea ni jambo la kuzoeleka, lakini hili halikumwingia akilini. Akakaa, akainua miguu yake isiguse vigae na hakuishusha tena mpaka anaondoka.

Leticia hakupiga kelele. Aliangalia chini ya meza. Kigae cha tatu kutoka mlangoni kilikuwa cha rangi ya kahawia kama vingine, na mguu wake wa kulia ulikuwa juu yake. Aliutoa taratibu. Akavua kandambili.

"Mzee mwenyekiti," alisema, "umesikia."

Mzee Ponsiano alikuwa amesikia. Lakini alikuwa mtu wa taratibu. Alieleza kwamba jambo ni zito na linauma, ila lina utata. Kama maneno ni ya Lukelo, basi Lukelo hayupo kutia sahihi. Na kama ni ya Gasper, basi Gasper ayarudie sasa hivi, mdomo ukiwa mkavu.

Wote wakamgeukia Gasper.

"Mimi nimeonja tu bia," alisema Gasper.

"Si tung'oe hicho kigae?" aliuliza Balbina.

Mzee Ponsiano alisema kigae ni mali ya mtu, kukivunja kunahitaji ridhaa ya mwenyewe. Gasper alisema angeridhia, hana kinyongo, shida ni kwamba vigae vya rangi ile havipatikani tena, alivifuata mpaka Morogoro na hata huko vimekwisha. Balbina akamuuliza kama ana mama. Gasper akajibu kwamba anaye, na ni mgonjwa. Kuhusu droo, alisema ufunguo umepotea.

Kisha Mzee Ponsiano, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, akakumbusha kwamba fomu bado hazijakamilika.

Balbina aliichana yake. Mzee aliandika saba. Leticia aliishika kalamu muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Hasira ilimwambia aandike sifuri kila sehemu, na nani angemlaumu? Lakini bia ilikuwa nzuri. Mchele mpya, maji ya kisima, moto wa kuni kavu, na tangi lililooshwa na mtu aliyeijua kazi yake. Ulimi wake haukuwahi kusema uongo, na usingeanzia kwa Lukelo. Akaandika tisa.

Kwa alama hizo bia ya tangi la pili ndiyo iliyoshinda.

Kilichobaki kilikuwa matanga. Mzee Ponsiano alisema bila hati ya kifo hawezi kugonga mhuri kwenye kibali cha msiba, ila kwa ubinadamu anaweza kugonga kwenye kibali cha shughuli ya kuonja bia. Gasper alikubali litumike baraza lake, mradi watu wasiburuze viti. Basi Alhamisi mchana watu walikuja, kutoka Kibaoni, kutoka Mkula, wengine na watoto mgongoni. Wanawake walitandika mikeka kuzunguka kigae cha tatu. Leticia alivaa nyeusi. Katekista alisali, na kwenye orodha ya kibali aliandikwa mwonjaji namba moja.

Bia ya tangi la pili ilipitishwa kwenye bakuli. Leticia alionja kwanza. Kila aliyepiga funda, Lukelo alimshukuru kwa mdomo wa huyohuyo: asante kwa kuja, poleni na safari, msalimieni mama huko Mkula. Ndugu wa mume waliokataa matanga walikunywa wakajisamehe wenyewe kwa sauti ya marehemu. Omega hakupewa, ni mtoto, ila alilazwa juu ya kigae na akasinzia hapo. Watu walilia vizuri, kama inavyotakiwa. Gasper naye alikuja, akakaa kwa wanaume, akatoa rambirambi kwenye bahasha isiyo na jina. Bakuli lilipomfikia alilipitisha bila kuonja.

Funda la mwisho lilirudi kwa Leticia. Aliacha povu likae mdomoni kadiri lilivyoweza.

"Mama Omega," kilisema kinywa chake, "mwambie anayeosha sasa asishuke bila mshumaa."

Anayeosha sasa ni Fridolin, mtu mzima, baba wa watoto watano, aliyechoka kukata miwa. Ijumaa asubuhi Leticia alinunua pakiti ya mishumaa na kiberiti, akatembea kwa miguu mpaka Mlabani. Gari la Morogoro lilikuwa linapiga honi nje. Fridolin alikuwa juu ya tangi la pili, mguu mmoja umeshaingia.

"Fridolin, subiri!" alisema Leticia. Akamkabidhi Gasper ile mishumaa na kumweleza ni ya nini na nani kaituma.

Gasper aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima. "Asante sana, shemeji," alisema. Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua droo, akaiweka mishumaa juu ya simu iliyokuwamo, akafunga. "Umeme wenyewe unavyokatika siku hizi, itatufaa."

Kisha akainua uso akamwambia Fridolin ashuke hivyo hivyo.