Nahodha Layoni

Kwenye karatasi, timu ilikuwa haijawahi kuwa nzuri namna ile. Mwalimu Elinami, wa kemia, ambaye alikuwa kocha kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa na filimbi, aliandika majina kumi na moja ubaoni siku shule zilipofunguliwa Januari. Akayapigia mistari miwili, kisha akawageukia vijana kama mtu aliyeokota kitu barabarani na mwenyewe hayupo.

Mwaka uliopita walitolewa wilayani kwa penalti. Mwaka huu wote kumi na moja walikuwa wameingia kidato cha nne, hakuna aliyehama. Yiamat, beki wa kati, alikuwa amerefuka hadi suruali ya sare inamkimbia. Eliya, mfungaji, alipata viatu vya kweli kutoka kwa shangazi yake wa Moshi. Na golini alikuwapo Lesian, nahodha, aliyedaka penalti mbili siku ile, wakati wenzake watatu wakipiga zao kuelekea kilele cha Meru.

"Mkoa tunafika," alisema Mwalimu. "Niambieni nani wa kutuzuia."

Hakuna aliyemwambia. Mwalimu Elinami ni mtu wa Machame, mpira anaujua, lakini kitu kimoja hakukiingiza kwenye hesabu zake, nacho ni Desemba.

Desemba, upande wa Terrat ilipo shule ile, ni mwezi wa jando. Likizo ile saba kati ya wale kumi na moja walitahiriwa nyumbani kwa baba zao, asubuhi ya baridi, bila kupepesa jicho, kama inavyotakiwa. Walirudi shuleni Januari vichwa vimenyolewa, wakitembea polepole kama watu wenye mashamba. Walipofunga shule walikuwa malayoni, yaani wavulana, watu wa kutumwa. Sasa walikuwa wanaume.

Lesian alibaki layoni. Zamu yake ilikuwa Desemba hiyohiyo na ng'ombe alishatengwa, ila baba yake alifariki Oktoba. Baba yake mdogo Efraimu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma, alisema kwa kifupi kwamba sherehe haifanywi kwenye nyumba ambayo kaburi lake halijaota nyasi. Desemba nyingine ingefika tu. Lesian aliitikia. Tangu Oktoba alikuwa anaitikia kila kitu. Alizika, alirudi darasani, alifanya mtihani, akapata themanini na moja ya jiografia, na yote hayo aliyapokea kama habari za jirani. Chai ikiwa ya moto alijua kwa kuuona mvuke. Msibani watu walimsifu kwa kutolia. Hakuwaambia kwamba hakuwa amezuia chochote. Alitafuta kilio akakuta ndani ni kama darasa wakati wa likizo, madawati yamepangwa, hakuna mtu.

Sasa, nusu ya kazi ya kipa ni mdomo. Mabeki wanatazama mbele, kipa peke yake ndiye anayeona uwanja mzima, na asiposema wanafungwa hata na wagonjwa. Siku ya kwanza ya mazoezi kamili, krosi ilipigwa na Eliya akachomoka nyuma ya Yiamat.

"Yiamat, rudi! Mtu nyuma!"

Yiamat hakugeuza hata shingo. Eliya akafunga kwa kichwa, peke yake, kama anapigwa picha.

"Hukunisikia?" Lesian aliuliza.

"Nilisikia mbuzi," alisema Yiamat, na wale sita wakacheka.

"Nilikwambia mtu nyuma."

"Uliniambia? Wewe?" Yiamat alimtazama bila hasira yoyote, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Walikaa dawati moja miaka mitatu, andazi moja wakikata mawili. "Layoni, siku hizi unatuma wanaume?"

Mwalimu Elinami alipuliza filimbi, akamvuta Eliya pembeni.

"Nini hiki?"

"Ticha, Lesian bado. Hawezi kuwaamrisha."

"Bado nini?"

"Bado, ticha." Eliya aliangalia viatu vyake vipya. "Desemba."

"Ahaa. Na wewe je?"

"Mimi nilifanyiwa hospitali nikiwa na wiki moja. Ila mimi Mchaga, ticha, hawanihesabu huku wala kule."

"Hata mimi wiki moja," alisema Mwalimu kwa unyonge, "na mpaka leo hakuna aliyeniuliza maoni yangu."

Alidhani yatapita. Jumamosi iliyofuata wakacheza mechi ya kirafiki na shule moja ya Engutoto, vijana wembamba ambao mwaka jana kina Lesian waliwafunga tatu bila jasho. Kipindi cha kwanza Lesian alipiga kelele, na kila alipofungua mdomo mabeki walisimama wima, wakasubiri anyamaze. Kipindi cha pili alinyamaza. Mpira mrefu ukapigwa, Yiamat na beki mwenzake wakaufuata wote wawili, wakagongana vichwa mbele ya goli lao. Wakafungwa nne. La tatu lilimpiga Lesian usoni kwanza. Alijua anatoka damu alipoiona kwenye glavu.

Jumatatu Mwalimu alimwita maabara.

"Lesian, baba, huu ni mwaka wako wa mwisho. Mashindano ni Mei. Bila mdomo wako hatutoki hata kwenye kata."

"Najua, mwalimu."

"Basi nimepata dawa." Alisukuma karatasi mezani kwa furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Kituo cha afya wanatoa huduma ya tohara, Jumamosi, bure. Dakika ishirini, unachomwa ganzi, husikii kitu. Aprili uko golini, mwanaume kamili, na Yiamat hana neno. Mlezi asaini hapa tu."

Lesian alimtazama. Mwalimu wa watu alikuwa amefurahi kweli, na kwa kemia yake hesabu ilikuwa imekaa sawa pande zote mbili.

"Sawa, mwalimu," alisema.

Alimkuta baba mdogo nyuma ya zizi akichonga mpini wa jembe. Aliinamisha kichwa kumsalimu, Efraimu akamgusa utosini. Efraimu ni mzee wa kanisa, Mlutheri asiyekosa Jumapili, na mtu anayesoma karatasi mpaka chini. Aliisoma mara mbili.

"Kanisa halina neno na hili," alisema. "Serikali haina neno. Mimi pia sina. Wenzako ndio watakuwa na neno, mpaka wazeeke."

"Watasemaje, baba mdogo?"

"Ukishafanyiwa huko, Desemba hakuna kitu, huwezi kurudia. Rika lako lina wanaume waliosimama baridini, na wewe uliyelala kitandani ukachomwa ganzi. Hawatakufukuza. Utaoa, utakaa kwenye vikao. Lakini siku ukisimama kusema jambo, kuna mtu atakohoa."

"Na nisipoenda?"

"Mpira wako umekwisha, si ndiyo? Mwakani hutakuwa shule." Efraimu alichukua kalamu, akasaini polepole, herufi kwa herufi. "Nimesaini usije ukasema mimi ndiye niliyekunyima. Kwenda, utaenda mwenyewe."

Mama yake, Silantoi, aliyekuwa akisikia yote akiwa na ndoo ya maji mkononi, aliuliza swali moja tu. "Wewe unataka nini, mwanangu?"

Lesian alijitafuta kwa uaminifu. "Sijui, mama. Nikijua nitakwambia."

Jumamosi alikuwa kwenye benchi la kituo cha afya kabla ya saa tatu. Muuguzi mmoja, dada Tabea, alimwita ndani, akapokea fomu, akamwonyesha kitanda kilichotandikwa shuka la mpira la kijani.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unaogopa?"

"Hapana, dada."

"Hata kidogo? Wenzako hapa wanatetemeka mpaka kitanda kinaimba."

"Sisikii kitu."

"Basi nikikuchoma hii ndiyo hutasikia kabisa." Alicheka kwa wema, akaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

Lesian aliitazama dawa ikipanda. Miezi mitatu hakuna kilichomfikia, si udongo wa kaburi, si magoli manne, si mpira wa usoni. Palibaki mahali pamoja tu ambapo kitu kingelazimika kumfikia, ile asubuhi ya baridi, na baba yake aliwahi kusimama pale, na alikuwa akisimulia jinsi meno yalivyotaka kupasuka. Hakujua kama alipataka. Ila huyu dada alikuwa karibu kupafunga, kwa upole, bure.

Akasimama.

"Samahani dada. Naomba fomu yangu."

"Umeghairi?"

"Nimeghairi."

"Haya, wa tatu leo," alisema dada Tabea, akaita jina linalofuata.

Uwanjani mazoezi yalikuwa yameanza. Mwalimu Elinami alimwona akija kwa miguu ya kawaida, hatua za mtu mzima wa afya, akaelewa kabla hajaambiwa. Lesian alitoa kitambaa cha unahodha mfukoni, akampa.

"Mpe Yiamat."

"Lesian, kitambaa si tatizo. Tatizo ni—"

"Najua, mwalimu. Golini nitakaa. Kuamrisha siwezi."

Mwalimu alikipokea kitambaa. Alikuwa mtu mwema, na watu wema wakichoka huonekana wadogo. Akamwita Yiamat, akamvalisha. Yiamat alikigeuzageuza kitambaa mkononi mwake kama saa aliyookota. Hakucheka, na wale sita nao hawakucheka. Wote walijua Lesian alikwenda wapi asubuhi ile, kwa maana Terrat habari haisubiri mtu. Sasa waliona pia kwamba alirudi vilevile alivyokwenda.

"Desemba?" Yiamat aliuliza kwa sauti ya chini.

"Desemba."

Yiamat aliitikia kwa kichwa. Nyuma yake mtu alipiga shuti, mpira ukapaa juu ya goli, ukaangukia kwenye mahindi ya jirani. Nahodha mpya alinyoosha kidole.

"Layoni, lete mpira."

Akaenda, akaingia kwenye mahindi mpaka kifuani, akaupata, akarudi nao. Yiamat aliupokea kwa mikono miwili.

"Ukimwona mtu nyuma yangu, sema," alisema. "Usinipigie kelele. Sema tu, kama unavyoleta habari nyumbani."

Wakaendelea. Krosi ikapigwa. Eliya akachomoka.

"Yiamat, Eliya yuko nyuma yako," alisema Lesian, kwa sauti ya mtu anayesema ndama mmoja haonekani.

Safari hii Yiamat aligeuka. Alifika, kwa kuchelewa kidogo, pumzi moja tu, na Eliya alikuwa ameshagusa. Mpira ukampita Lesian mkono wa kushoto.

Mwalimu Elinami, pembeni, alihesabu midomoni. Kufungwa magoli mawili kila mechi, labda moja wakizoeana. Kwenye kata huenda wakavuka. Mkoa aliuacha.

"Tena!" alisema Yiamat, akipiga makofi. "Layoni, mpira."

Lesian alishageuka, anaelekea kwenye mahindi.