Tairi la Kwenda Ntambila

Asubuhi moja ya Septemba, mwaka ule wa operesheni ya vijiji, Ndugu Eustace alifika mwenyewe kwenye kibanda cha fundi Anyelwisye, nyuma ya soko la Sumbawanga, akiviringisha tairi la gari kwa mguu. Alilisukuma mara ya mwisho, likayumba, likalala chini mbele ya fundi.

"Funga hili," alisema.

Anyelwisye aliliinua akalitazama. Lilikuwa tairi la gari dogo, kuukuu, ila meno yake bado yalikuwepo. "Kwenye gari gani, ndugu?"

"Pikipiki."

Nyuma ya Ndugu Eustace mgambo mmoja mwembamba aitwaye Clemens alikuwa akiisukuma pikipiki yenyewe huku jasho likimtoka, ingawa upepo wa Ufipa ulikuwa bado na baridi. Mji mzima uliifahamu ile pikipiki. Ilikuwa na magurudumu matatu, mawili yake yenyewe na la tatu la kigari kilichofungwa ubavuni, ambamo zamani padri alikuwa akikaa na vyombo vyake vya misa. Mapadre walipopata gari waliiacha, na sasa ilikuwa mali ya operesheni, kwa sababu ilipita kwenye vijia ambavyo lori halikuweza kupita. Tairi lake la nyuma lilikuwa limelika mpaka nyuzi zikaonekana, na tairi jingine la pikipiki halikupatikana Sumbawanga, wala Tunduma, wala Mbeya.

Ndugu Eustace ndiye aliyesimamia kuwahamisha watu wa upande ule kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema polepole, akamsikiliza mtu mpaka mwisho, kisha akaandika jina lake kwenye daftari dogo la mfukoni. Watu waliogopa lile daftari kuliko bunduki ya Clemens.

"Pikipiki ya magurudumu mawili haivai tairi la gari," Anyelwisye alieleza. "Ikikata kona hulala, na tairi la gari lina uso bapa, litaitupa. Lakini hii ina kigari. Hailali."

"Kwa hiyo inawezekana."

Hapo ndipo fundi alipoona kwamba ufundi wake umemtangulia mdomoni. "Inawezekana," alijibu.

Ndugu Eustace alivuta kigoda akakaa. "Vizuri. Leo tunakwenda Ntambila. Nasikia mkeo ni wa huko."

Anyelwisye aliinamia gurudumu ili uso wake usionekane. Yeye alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, amekuja Ufipa na spana zake miaka tisa iliyopita, akamwoa Kristiana, binti wa Ntambila. Mama mkwe wake, Silvana, alikuwa bado huko, kwenye nyumba yake juu ya mteremko, pamoja na kaya kumi na moja zilizokataa kushuka kwenda kijiji kipya. Wiki iliyopita Kristiana alirudi kutoka kumwona mama yake. Hakula siku hiyo. Alisema tu, "Mama ameniambia makaburi ya baba na ya wanetu wawili wa kwanza hayahamishiki, basi na yeye hahamishiki."

"Ni wa huko, ndugu," Anyelwisye alisema.

"Walipewa siku tatu. Zilikwisha jana."

Clemens alitazama pembeni. Kwenye kigari fundi aliona madebe mawili yaliyofunikwa gunia, na harufu ya petroli haikuhitaji maelezo.

Alianza kazi kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Akafungua gurudumu la nyuma, akang'oa tairi bovu, akapaka maji ya sabuni ukingoni mwa lile la gari. Upana wa ndani ulilingana na ringi, vyote inchi kumi na sita, lakini tairi lilikuwa nene na gumu, waya wa ukingoni mwake ukakataa kuingia. Alilikanyaga kwa magoti, akalivuta kwa vyuma, akalipiga kwa nyundo ya mpira. Alipoanza kujaza upepo, tairi liliguna. Upande mmoja ukakaa, wa pili ukabaki umejikunja. Akaongeza upepo. Clemens akarudi nyuma hatua tatu.

"Likipasuka?" Clemens aliuliza.

"Likipasuka hapa litaondoka na mikono yangu."

Lilitoa mlio mkubwa kama wa bunduki, mama mmoja sokoni akapiga yowe, kisha kukatulia. Tairi lilikuwa limekaa. Ndugu Eustace hakuwa amesogea kwenye kigoda.

Gurudumu lilipokataa kuingia mahali pake, Anyelwisye alikata madigadi, lile bati la kuzuia matope, kwa tindo, akapanua. Likaingia. Alilizungusha kwa kidole, likazunguka bila kugusa kitu. Ndipo alipopitisha kidole kati ya ubavu wa tairi na chuma cha fremu upande wa kushoto. Kidole hakikupita. Ulipita ukucha tu.

Alibaki amechuchumaa. Alijua maana yake. Pikipiki ikiwa tupu, lile tairi lingezunguka salama. Ikibeba mzigo, kwenye njia ya mashimo, ubavu wa tairi ungevimba na kusugua chuma, ungepata moto, na baada ya maili kumi au kumi na mbili ungekatika. Dawa yake ilikuwa washa mbili nene, pete za chuma za kusogeza gurudumu kulia. Washa hizo alikuwa nazo. Zilikuwa kwenye kopo la maziwa, karibu na mkono wake.

Hakulifungua lile kopo.

"Tayari?" Ndugu Eustace aliuliza.

"Tayari."

Ndugu Eustace alisimama, akalizunguka gurudumu, akalipiga kwa kiganja. Kisha akamtazama fundi kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu. "Panda kwenye kigari," alisema. "Chombo kimefungwa kitu kisicho chake. Kikileta shida njiani, fundi awepo."

"Ndugu, nina kazi za watu hapa."

"Panda."

Hivyo ndivyo Anyelwisye alivyotoka Sumbawanga siku ile, amekaa kwenye kiti cha padri, madebe ya petroli katikati ya miguu yake. Clemens aliendesha, Ndugu Eustace akakaa nyuma yake, na uzito wake wote ukawa juu ya tairi lile. Walipita mikaratusi ya mwisho ya mji wakatokea uwandani. Nyasi zilikuwa zimekauka mpaka mwisho wa macho, mahali pengine zimeungua, na majivu yalikuwa yakikimbia njiani mbele yao. Mashambani yalionekana matuta ya duara ya mwaka jana, hakuna aliyeyagusa. Walipita nyumba kadhaa zisizo na paa. Mbuzi mmoja alisimama kwenye mlango wa mojawapo akiwatazama.

Maili ya saba Anyelwisye alisikia sauti. Ilikuwa ndogo, kama mtu anayepiga msasa ubao mbali sana. Maili ya tisa ikaja harufu.

"Fundi, kuna kitu kinaungua?" Clemens alipaza sauti.

Anyelwisye alikuwa akifikiri juu ya saa. Kama tairi lingekufa hapa, wangerudi kwa miguu, ingekuwa jioni, na kesho kutwa pengine amri ingebadilika. Amri zilibadilika mara nyingi mwaka ule. Lakini mbele yake njia ilianza kuteremka kwenye korongo, Clemens akaongeza mwendo, na fundi akaona moshi mwembamba wa bluu ukitoka chini ya madigadi, hatua moja kutoka kwenye madebe. Akaona pia shingo ya Clemens, nyembamba, na kola ya sare iliyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Mtu alikuwa amekaa nyumbani akaishona ile kola.

"Simama!" alipiga kelele. "Clemens, simama! Usishike breki ghafla, polepole!"

Pikipiki iliserereka ikasimama kwenye ukingo wa mteremko. Karibu mara hiyo hiyo tairi likapasuka, likatoa pumzi ndefu, na pikipiki ikaketi.

Ndugu Eustace alishuka, akachuchumaa, akautazama ubavu wa tairi uliokatika kwa mstari ulionyooka, na chuma cha fremu kilichong'aa mahali palipo sambamba. Hakuwa fundi, lakini hakuwa mjinga.

"Ulijua," alisema taratibu.

Anyelwisye alishuka kwenye kigari.

"Clemens, alijua?"

Clemens aliutazama mteremko ambao wangeushuka. "Tulipanda jiwe, ndugu. Pale nyuma. Mimi ndiye niliyepanda jiwe."

Ndugu Eustace alitoa daftari, akaandika, akalirudisha mfukoni. Hawakujua ameandika jina la nani. "Zimebaki maili kama nane," alisema. "Clemens, chukua debe moja. Fundi, chukua la pili."

Walitembea. Debe lilikuwa na uzito wa kumvunja mtu bega, na petroli ilikuwa ikichuruzika kwenye mfuniko, ikamlowanisha Anyelwisye shingo na mgongo, ikamchoma ngozi. Mara mbili alijikwaa kwa makusudi. Mara ya pili Ndugu Eustace alimwambia kwa upole, "Hata ukilimwaga, tutafika tu." Fundi hakuelewa maneno yale mpaka baadaye.

Jua lilikuwa limeinama walipofika Ntambila. Kaya zote kumi na moja zilikuwa tupu, milango wazi. Watu walikuwa wamewaona kwa mbali na kukimbilia upande wa ziwa. Kwenye nyumba ya juu kabisa Silvana alikuwa amekaa barazani akipepeta ulezi. Aliwaona watu watatu wakipanda, akamtambua mkwewe, akaweka ungo chini na kuvuta kanga mabegani kwa heshima.

Anyelwisye alitua debe, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Kristiana hajambo?"

"Hajambo."

"Umebeba nini, baba?"

Harufu ilikuwa imemwambia mama kila kitu, lakini bado alimtazama mkwewe usoni, akingoja jibu kama kwa mwanawe.

"Mwagia paa," Ndugu Eustace alisema nyuma yake.

Anyelwisye alifungua mfuniko. Aliliinua debe, akaligeuza, akaimwaga petroli yote chini kwenye mchanga wa uani, na ardhi ikainywa.

Ndugu Eustace hakumpiga, hakumtukana. Aling'oa konzi moja ya nyasi kavu kwenye paa la Silvana, akaiwasha kwa kiberiti, akaichomeka pale pale alipoing'oa. Nyasi za Septemba hazikuhitaji petroli. Upepo ulifanya kazi yote iliyobaki, na kabla hawajamtoa mama na mtungi wake wa ulezi moto ulikuwa umeruka nyumba ya pili.

Anyelwisye alikaa mahabusu wiki saba. Walimwuliza habari ya tairi, wakatumia neno hujuma, neno ambalo mwaka ule lilitosha kumpoteza mtu. Clemens aliitwa mara tatu, na mara zote tatu alisema jiwe. Mwishowe walimwachia fundi bila kumwambia kwa nini, wakamwonya asiondoke wilayani. Jina lake, walisema, bado limeandikwa.

Silvana walimpa kiwanja kwenye mstari wa nne wa kijiji kipya, na Anyelwisye akamjengea nyumba. Mama alishukuru, akampikia. Kila walipokwenda kumwona, yeye na Kristiana waliukuta mzigo wake umefungwa kwa kamba karibu na mlango, ungo juu, mtungi chini. Hakuna aliyemwuliza. Siku moja, wakila, gari lilisikika likija kwa mbali barabarani. Mama aliacha kutafuna, akainua kichwa, akasikiliza. Nao wakaacha kutafuna, wote watatu wakasikiliza, mpaka mlio ukafika mlangoni, ukapita.