Mguu Uliobaki Umeketi

Fundi cherehani alikuwa mtu wa maneno, na hata ukingoni mwa meza ya upasuaji, tumbo mbele na mgongo wazi, hakunyamaza. Mtoto alikuwa amekingama tumboni na amekataa kugeuka, kwa hiyo asubuhi hiyo ilikuwa kupasuliwa tu. Daktari wa usingizi alimketisha miguu ikining'inia, akamwambia ainame na atulie.

"Nitulie vipi, na wewe uko nyuma yangu na sindano?"

"Sema utakavyo, ila usijitikise."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Sindano ikaingia, na fundi akahisi joto likishuka kiunoni, mapajani, mpaka kwenye nyayo. Wakamlaza chali haraka. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Maana miguu haikulala naye. Haki ya Mungu, alihisi bado imeketi vilevile, magoti yamekunjwa, nyayo zikining'inia na kupigwa na baridi ya sakafu. Kisha nesi akanyanyua mguu mmoja ili aufunike, na fundi akauona ukipita mbele ya macho yake: kucha zake, rangi yake, kovu lake la pasi. Hakuhisi kitu. Ilikuwa kama kumwona mtu amebeba mguu wa jirani.

"Daktari, miguu yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo?"

"Hiyo siyo."

Daktari akacheka kidogo. Akamweleza kwamba ubongo hushika mkao wa mwisho kabla ya ganzi, na ganzi ikiisha miguu itarudi mahali pake. Ingechukua muda wa saa tatu, nne hivi. Mara mtoto wa kike akatolewa, analia kwa hasira, na fundi akasahau habari za miguu.

Wodini alikuwa akingojwa na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa kukemea hata mapazia. Mume alikuwa safarini, kwa hiyo uuguzi wote ulimwangukia huyo wifi. Fundi alipopitisha mkono chini ya shuka, vidole vikagusa paja. Lilikuwa la moto, zito, na si lake. Akauchomoa mkono upesi.

"Wifi, kuna mtu humu kitandani."

"Mtu gani? Kitanda chenyewe hiki, hata wewe umeenea kwa kusukumwa!"

Wakacheka. Lakini fundi hakupeleka mkono tena.

Saa saba mguu wa kulia ukarudi. Kidole gumba kiliwasha, kisha ule uliokuwa unaning'inia ukanyanyuka taratibu, ukajivika ndani ya nyama yake kama mtu anayevaa soksi. Wa kushoto ukabaki umeketi. Saa nane, bado umeketi. Na pale kiunoni sindano ilipopita pakaanza kuuma, maumivu ya kubana yasiyoachia.

Wifi akamwita nesi. Nesi akafungua faili. "Hapa imeandikwa sindano saa tano na nusu. Bado mapema."

Saa tano na nusu! Hiyo ndiyo saa aliyofikishwa wodini. Mtu alikosea akaiandika mahali pa saa ya sindano, basi, ikawa hivyo. Karatasi ikishaandikwa, nani wa kuibishia?

"Sista, nilichomwa saa tatu na kumi. Saa niliiona kwa macho yangu."

"Mama, wote husema hivyo. Mnyonyeshe mtoto, upumzike."

Saa tisa zamu ikabadilika. Nesi mpya akasoma faili lilelile, akasema yaleyale. Fundi alikuwa ameshaacha mizaha. Aliogopa, na aliogopa sana.

Daktari wa usingizi alikuwa na mwiko wake: haendi nyumbani kabla hajamwona kila mgonjwa wake akichezesha vidole. Siku hiyo alichelewa kutoka kwenye upasuaji, akafika saa kumi na moja. Vidole vya kulia vikacheza. Vya kushoto, kimya. Akasoma faili, akatazama saa yake, uso ukambadilika.

"Nilikuchoma saa tatu," akasema taratibu.

"Si ndivyo tunavyowaambia tangu mchana!" wifi akafoka.

Picha ya mgongo ilionyesha damu imevujia ndani ya uti wa mgongo, imeganda, na inabana mishipa ya fahamu. Wakamrudisha chumba cha upasuaji mbio.

"Daktari," fundi akasema, "usiniamshe bila mguu wangu."

"Tumechelewa, mama. Tutajitahidi," akasema, bila kumtazama.

Aliamka bila mguu wake. Ulikuwepo, mzima wa kutazamwa, na fundi akajifunza kuuburuza kwa fimbo na kukanyaga cherehani kwa mguu wa kulia. Hilo alilimudu. Lililomtesa ni kwamba kila alipojilaza, ule mwingine uliketi. Aliuhisi umekunjwa gotini, unaning'inia nje ya kitanda, una baridi. Wifi akachoma sindano kwenye unyayo wa ule wa kuonekana: hakuna kitu. Halafu akaacha kabisa kupita upande ule wa kitanda.

"Sipiti hapo mimi. Usije ukanipiga teke."

Alisema kwa utani, lakini hakupita. Fundi alitamani kitu kimoja tu: mtu aushike, mara moja, na yeye auhisi mkono huo.

Mtoto alipofika miezi kumi alikuwa anatambaa nyumba nzima. Adhuhuri moja fundi alikuwa amejilaza, miguu yote miwili imenyooka chini ya shuka. Mtoto akaja akitambaa kwenye sakafu, akasimama hatua moja kabla ya kufika kitandani. Akainua mikono. Akafumba vidole hewani, akajivuta, akasimama wima.

Hakuwa amewahi kusimama. Na hakushika kitanda, wala kiti, wala ukuta. Alikuwa katikati ya nafasi tupu, mikono imekumbatia hewa, anayumba na kucheka.

Wifi aliganda mlangoni na beseni lake. "Huyu kashika nini?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka fundi masikioni. Chini ya goti la kushoto, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile, alihisi vidole kumi vidogo, vya moto, vimelowa mate. Akabana pumzi, akajikaza asitikisike hata kidogo, mtoto asije akaanguka.