Nchi ya Wazazi Wasiotetemeka

Sipendi watu wanaosimulia ndoto zao. Wengi huwa wameota upuuzi, kisha wanautembeza mtaani kama mtu anayeonyesha kidonda kwa kila mpita njia. Lakini hii yangu nitaisimulia, kwa sababu ilinivua nguo, na mtu aliyekwisha kuvuliwa nguo hana cha kuwaficha wasomaji.

Mimi ni Elinazi Mshana, mkaguzi mstaafu wa shule, mkazi wa Same. Jumatano moja binti yangu Namsifu, kitinda mimba wangu mwenye miaka kumi na sita, alirudishwa nyumbani kabla ya saa nne asubuhi. Mwalimu wake wa malezi, Mwalimu Nanzia, alimleta mwenyewe. Akanieleza kwamba karatasi ya hesabu ya moko, ule mtihani wa majaribio, ilipogawiwa, mikono ya Namsifu ilianza kutetemeka, pumzi ikamkatika, akakimbilia nje kutapika. "Si mara ya kwanza, Mzee Mshana," alisema. "Mtoto ana wasiwasi unaomlemea. Anahitaji msaada, na msaada wenyewe unaanzia hapa nyumbani." Nilimtazama kama nilivyokuwa nikiwatazama walimu vijana waliokuja darasani bila andalio la somo. "Wasiwasi!" nikamwambia. "Sisi tulisoma kwa kibatari, tukala makande yaliyolala, na hakuna aliyetapika kwa kuona namba. Huo ni ugonjwa wa watoto wa chai ya maziwa." Namsifu alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango polepole, na ule upole ukanikera kuliko kama angeubamiza. Mke wangu, Nakijwa, alifunua kinywa, kisha akakifumba. Katika nyumba yangu watu walikuwa wamezoea kufumba.

Mchana nilikula peke yangu, nikishiba hasira kuliko ugali. Nikajilaza kwenye kochi huku nikiendelea kubishana kichwani na yule mwalimu, nikimshinda kwa hoja moja baada ya nyingine, hadi usingizi ukanichukua.

Nikajiona nimesimama kwenye njia pana ya udongo mwekundu, mbele ya lango refu, na langoni akanipokea mtu mnene aliyejishonea mwenyewe nishani kifuani. Alikuwa na meno mengi kuliko kinywa chake kilivyoweza kuyabeba. "Karibu, mheshimiwa! Mimi ni Kejeli. Hii ni Nchi ya Wazazi Wasiotetemeka, na tumekungoja siku nyingi." Nilifurahi, nikidhani nimefika kwa watu wa maana. Lakini nilipoingia niliona kwamba wakazi wote wanatembea wakakamavu kama nguzo, hawawezi kuinama wala kugeuza shingo, kwa kuwa kila mmoja amejifunga fito chini ya nguo zake, toka kisigino hadi kisogo. Mmoja alianguka mbele yangu akabaki chali kama mende, huku akitangaza kwamba amelala kwa hiari yake. Barazani alisimama mzee aitwaye Enzi-Zetu, akiwasimulia watu waliosinzia jinsi alivyokwenda shule kwa miguu maili tatu. Nilipompita zilikuwa zimefika tisa, na nilipogeuka nyuma zilikuwa arobaini, na simba wawili. Mbele kidogo Bi Mlinganisho, mwenye utepe wa fundi cherehani shingoni, alikuwa akiwapima watoto kwa picha ya mtoto wa jirani iliyochorwa ukutani. Kila mtoto alipokaribia kuifikia, bibi yule alinyoosha mkono akaichora upya, ndefu zaidi. Niliwadharau wote. Nilijisemea, huu ni mkusanyiko wa majuha, na bahati mbaya iliyoje kwa watoto wao.

Pembeni ya njia alikaa mwanamke mdogo, chini kabisa, miguu mitupu, kitenge kimepauka. Nikamuuliza yeye ni nani. "Naitwa Usikivu."

"Na kazi yako?"

"Nakaa na watu."

Nilicheka. "Kukaa si kazi, bibi."

"Ni kazi ngumu," alijibu bila kuudhika. "Njoo, kuna mtu wako huku."

Akanipeleka kwenye uwanja usio na mti wala kivuli. Katikati kulikuwa na dawati moja, na kwenye dawati alikuwa Namsifu. Kifuani pake alikaa mnyama mdogo wa kijivu, mwenye ukubwa wa paka, macho hayafumbi. "Huyo ndiye Wasiwasi," Usikivu alisema. Kabla sijauliza zaidi, Kejeli alikuja akiburuta gunia, akachota humo konzi ya punje akamtupia mnyama. Punje zilipoanguka zilitoa sauti: *watoto wa chai ya maziwa, watoto wa chai ya maziwa.* Mnyama akazimeza, akawa na ukubwa wa mbuzi. Nikalitazama lile gunia, nikaona limeandikwa jina langu kwa mwandiko wangu mwenyewe, ule niliokuwa nikiandikia ripoti. Nikapiga kelele, "Namsifu, acha kutetemeka! Hakuna kitu hapo!" Mnyama akaimeza sauti yangu pia, akawa ng'ombe, na mwanangu akapotea chini yake. Ukabaki mkono mmoja tu unaoonekana.

"Hafukuzwi kwa kelele," Usikivu aliniambia. "Wala usimnyanyue mtoto ukakimbia naye kila anapoogopa, maana mnyama huyu hufuata mbio, na mafichoni ndiko hunenepa. Mkaribie binti yako. Mkirie kwamba anachokiona kipo. Muulize, kisha mwache amalize, hata kama anamaliza polepole. Baada ya hapo mtatafuta njia pamoja, hatua ndogo ndogo, na mkishindwa mtakwenda kwa tabibu bila kuona haya."

Nilitaka kumkaribia. Goti halikukunjika. Nikapeleka mkono chini ya shati, nikazigusa fito. Zilikuwa nyingi kuliko za mtu yeyote niliyemcheka, zimefungwa kamba juu ya kamba, na nyingine zilikuwa zimeota kwenye nyama. Nyuma yangu wakazi wa nchi ile walikuwa wamekusanyika, Enzi-Zetu na Bi Mlinganisho mbele yao, wakapiga makofi kwa mikono isiyokunjika na kuniita mfalme wao. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule mfalme. Nikashika ufito wa kwanza nikauvunja, nikalia kwa maumivu. Nikavunja wa pili na wa tatu, na mikono yangu, mara tu ilipokuwa huru, ikaanza kutetemeka. Nikautambua mtetemeko ule. Nilikuwa na miaka kumi na saba, asubuhi ya mtihani wangu wa mwisho, nimeinama nyuma ya vyoo vya shule, natapika huku nimejiziba mdomo kwa kofia ili mtu asisikie.

Niliamka na jua bado lipo dirishani, mikono ingali inatetemeka. Nakijwa alinitazama kutoka jikoni, akauliza kama ninaumwa. "Ndiyo," nikamwambia, "tena siku nyingi."

Nikaenda kwenye mlango wa Namsifu na kubisha hodi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alikuwa amekaa kitandani, magoti kidevuni, akijiandaa kutukanwa. Maneno ya zamani yalinijaa kinywani, mazuri, makali, tayari kabisa. Nikayameza.

"Mwanangu, asubuhi nilimdanganya mwalimu wako," nikasema. "Kuna aliyetapika. Ni mimi."

Alinyanyua uso. "Wewe, baba?"

"Nyuma ya vyoo. Sikumwambia mtu, hata mama yako. Nilichokutolea leo kilikuwa aibu yangu, nami nikakutwika wewe. Nisamehe." Nikakaa sakafuni. "Niambie inakuwaje."

Nikamngoja, bila kumtolea hekima yoyote.

"Inaanzia miguuni, baba," alisema mwishowe. "Watu wanadhani ni tumboni, lakini inaanzia miguuni, kama nimesimama kwenye maji, na yanapanda."

Nilikagua shule kwa miaka thelathini. Nilihesabu madawati, vyoo na chaki, nikaandika kurasa zisizo na idadi kuhusu watoto. Na sikuwahi kumuuliza hata mmoja inaanzia wapi.