Siku Tatu za Kusimama

Meza ya kupigia pasi ilikuwa katikati ya kiwanda cha mikate, baina ya magunia ya unga na tanuri, mpya kabisa, imevalishwa kitambaa cha maua kama mgeni wa heshima aliyekosea harusi. Mwenye kiwanda, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tanuri, alikuwa ameiegemea kwa kiganja. Alitutazama sisi wawili, mimi na wifi yangu, tuliokuja kuona ushauri wetu umefuatwaje, kwa uso wa mwanafunzi aliyemaliza kazi ya nyumbani kabla ya wenzake.

"Mliandika iwe karibu na mlango wa kupokelea nguo," alisema. "Sasa hapa hatupokei nguo, wanangu, basi tukaiweka karibu na mlango wa unga. Si sawa?"

Nyuma yake alipita mwanamke mwenye trei ya mikate begani. Alipoifikia meza alipinda kiuno, akaizunguka kwa hatua nne za pembeni, kisha akanyooka na kuendelea na safari yake. Hakuitazama. Miguu yake ilikwisha kuizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Nilijua papo hapo. Ripoti tuliyompelekea miezi minne nyuma ilikuwa na kurasa ishirini na mbili, na ukurasa wa kumi na nne ulikuwa wa mteja mwingine, dobi.

Kampuni yetu ya ushauri tuliianzisha kwenye meza yangu ya kulia chakula, mimi na wifi. Mimi nilikuwa na shahada ya juu ya kushindwa: nilishona sare za shule ambazo shule haikuzitaka, nikafuga kuku ambao walikufa wote katika wiki moja kana kwamba walikubaliana kikaoni, nikasimamia kiwanda cha sabuni mpaka siku niliyomwambia bosi ukweli mbele ya wageni. Wifi alikuwa ameandikisha wagonjwa hospitalini kwa miaka kumi na mmoja. Alichojua yeye ni hiki: kazi nyingi haziharibiwi na uvivu, zinaharibiwa na mlango uliokaa vibaya, fomu inayojazwa mara mbili, ndoo iliyowekwa mbali na bomba. Nami nilijua kuongea. Mume wangu, ambaye ndiye kaka yake, alitusikiliza tukipanga, akaomba radhi, akahamishia chakula chake sebuleni.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa yule dobi. Wifi aliweka sharti: kabla ya kumshauri mtu, tunasimama kwake siku tatu. Hatukai, maana anayekaa huletewa chai na kuambiwa anachotaka kusikia. Na siku ya kwanza hakuna kuandika. "Kalamu ina kiherehere," alisema. "Inataka kumaliza kabla macho hayajaanza."

Basi tukasimama. Kwa dobi, kwa fundi seremala, kwa daktari wa meno ambaye wagonjwa wake walidhani sisi ni wasaidizi na kutufungulia midomo. Watu wakatubandika jina, Wasimamaji, na tulipolisikia tulilipenda kuliko lile tulilosajili. Nilikuwa nikimtania wifi kwamba miguu yake imevimba kwa faida ya taifa. Naye alikuwa akinijibu kwamba afadhali yeye kavimba miguu, wapo waliovimba kichwa.

Alikuwa anatania. Mimi ndiye niliyekuja kuufanya utani huo uwe kweli.

Tulikua. Tukapata ofisi yenye mlango wa kioo, watu tisa zaidi, na kiti changu kinachozunguka. Wateja walikuja kwa foleni, na siku tatu zikaanza kuonekana ndefu. Nikazifanya moja. Baadaye nusu. Mwishowe nikabuni dodoso la kujibiwa kwa simu, na kiolezo cha ripoti ambacho ulihitaji kubadilisha jina la mteja tu. Nilikiita mapinduzi. Wifi alipolalamika nilimwambia mbele ya wafanyakazi kwamba miguu yake imezeeka, asiisingizie kampuni. Watu walicheka. Yeye aliokota faili zake na kurudi mezani kwake, na tangu siku hiyo hakunitania tena kwa miezi mingi. Sikuona. Mwanamke anayezunguka juu ya kiti huona vitu vyote kwa muda mfupi sana.

Sasa tulikuwa mbele ya Mama Tanuri, naye ananingoja nimjibu kama ni sawa au si sawa.

"Ni sawa kabisa, mama," nilisema. "Hiyo ni kwa ajili ya aproni. Mfanyakazi mwenye aproni iliyonyooka, hata kazi yake hunyooka."

Akatoa daftari mfukoni mwa gauni lake akaliandika neno hilo, polepole, akilisoma kwa midomo. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata kwenye mlango wa unga, kwa sababu hapo ndipo wifi alipokuwa amesimama, na alipomwona yule mama anaandika, alitoka nje.

Nilimkuta kando ya gari. Nikajaribu utani, dawa yangu ya magonjwa yote: nikamwambia tuwauzie wauza samaki vitanda, maadamu soko limekubali. Hakucheka. Wifi asiyecheka utani wako amekwisha kuhama, kilichobaki ni kubeba vyombo.

"Mwezi ukiisha narudi hospitali," alisema. "Kule nikikosea jina, mgonjwa mwenyewe ananiambia. Huyu mama umemkosea, na bado anatushukuru."

Niliendesha mimi. Alishuka kwenye kona ya kwao bila kufunga mlango kwa nguvu, na laiti angeufunga kwa nguvu.

Jioni hiyo nilizitoa ripoti zote za mwaka, nikazitandaza kwenye ile meza ya kulia chakula. Fundi seremala wa pili tulimshauri apunguze muda wa wagonjwa kusubiri. Mwenye bustani ya miche tulimtaka aangalie ubora wa meno. Nilianza kwa kucheka peke yangu, mume wangu akachungulia kuona kuna nini, akanikuta kicheko kimekwisha na nimeshika paji la uso. Alivuta kiti, akaanza kuzipanga ripoti kwa tarehe. Maji yalikuwa yamezidi unga, na aliyeyamimina alikuwa mimi. Kampuni ningeweza kuipata nyingine. Nilikwisha kuzipoteza kazi tatu na kila mara nikaamka. Wifi sikuwa na pa kumpata mwingine. Bila yeye nilikuwa mdomo tu, umefunguliwa ofisi.

Asubuhi, saa kumi na mbili na robo, nilikuwa kiwandani. Wafanyakazi walikuwa wanatoa mikate ya kwanza. Niliomba kusema na Mama Tanuri faraghani, akasema yeye hana faragha, ana tanuri. Basi nikasema mbele ya wote: ule ukurasa haukuwa wake, ulikuwa wa dobi, na lile neno la aproni nililitunga palepale nikiwa nimesimama hapo, kwa kuona aibu.

Mama Tanuri alifuta mikono. Niliyejiandaa kumpokea ni mwanamke wa hasira, na kwa hasira nina uzoefu. Aliyenijia alikuwa mwingine.

"Nilijua meza haina kazi," alisema. "Wenzangu hawa waliniuliza tangu siku ya kwanza. Nikawaambia wasomi wamesema, mimi ndiye sielewi. Miezi minne, mwanangu, najiona mjinga ndani ya kiwanda nilichokijenga mwenyewe."

Yule mwanamke wa trei alikuwa amesimama kusikiliza, mikate ikipoa begani mwake. Hakuna aliyecheka. Nimewahi kufukuzwa, nimewahi kuzomewa, kuku mia mbili wamenifia mikononi. Hakuna kilichonipunguza kimo kama sentensi ile.

Nikamwomba aniruhusu kusimama siku tatu. Alinikagua kuanzia viatu hadi kilemba. Akasema nisimame, ila nisimkanyagie unga, na nikichoka nisiegemee kitu.

Yaliyofuata baada ya wiki ile naweza kuyaeleza kwa haraka. Tuliwapigia simu wateja wote wa mwaka mzima, mmoja mmoja, tukawaambia tulichowafanyia. Saba walituacha. Mwenye bustani alicheka mpaka akakohoa, akasema kumbe ndiyo maana. Dodoso tulilifuta na ofisi ya kioo tukaiacha kwa nyingine ndogo zaidi, ambamo kiti kinachozunguka hakikupita mlangoni, nasi hatukusukuma sana. Leo tuko kumi na wanne, na kila mwajiriwa mpya huanza kwa kununua viatu bapa.

Lakini nikikumbuka, huwa siyakumbuki hayo. Naikumbuka siku ya pili kiwandani, mnamo saa nne. Miguu yangu ilikuwa inawaka. Siku ya kwanza nilikuwa nimeona mikate tu, mikate inakuja na mikate inakwenda, na nikagundua kwa hofu kwamba nimesahau kutazama. Wafanyakazi walinipita kama nguzo. Mmoja alinitundikia taulo begani, akaomba radhi, kisha akaliacha.

Nilisikia mlango, sikugeuka. Baadaye nilijua kwamba Mama Tanuri ndiye aliyekuwa amepiga simu ofisini kwetu, kuuliza kama bosi wao huko kwao pia huwa hapewi kiti. Wifi aliingia akiwa na mkoba wake mkubwa, ule wa mtu asiyekusudia kukaa. Hakunisalimu. Alisimama mbali kidogo nami, akatazama tanuri, akatazama rafu, akamfuata kwa macho yule mwanamke wa trei kutoka mwisho mmoja wa chumba hadi mwingine. Harufu ya mkate ilikuwa nzito kiasi cha kutafunwa.

"Umeona nini?" aliniuliza, bila kunitazama.

Majibu yalikuwepo. Ningeweza kumpa matatu, yamepangwa, yenye vichwa vya habari.

"Bado," nikasema.

Trei mbili zikapita. Kisha akauweka mkoba sakafuni, akausukuma kwa mguu hadi ukutani pasipo njia ya mtu, akavua viatu vyake vya visigino na kuvipanga juu yake.