Mzunguko wa Kumsindikiza Benta

Emmah alimtoa mamake Makongeni kwa mapenzi tu. Magoti ya Wangeci yalikuwa yamevimba kwa baridi yabisi, na kwao binti mwema hamwachi mamake akiinamia karai la nguo. Akamleta Mwihoko, ghorofa ya tatu, akamkalisha kwenye kochi. Chai aliletewa. Maji ya kunawa aliletewa. Hata rimoti aliletewa.

"Pumzika, Maitu. Kazi umefanya ya kutosha," Emmah alimwambia, akimwita mama kwa Kikuyu.

"Na Benta atatembea na nani?"

Wangeci na Benta, jirani yake kutoka Bungoma, walikuwa wakiuzunguka uwanja wa Makongeni kila asubuhi, kama walivyoshauriwa kliniki.

"Benta ana miguu yake," Emmah alijibu.

Miezi minane baadaye, Wangeci hakuweza kwenda msalani bila kushikwa mkono. Mtaalamu wa viungo hakumgombeza mtu. Alisema tu kwamba magoti kama hayo yakilazwa hukakamaa, na misuli inayoyashikilia hunyauka. Emmah alitazama sakafu. Jioni hiyo wakaanza: kuinuka kitini mara tano, kupumzika, mara tano tena.

Wiki ya tatu, presha ilimwua Benta. Wanawake wa uwanjani wakaamua kumsindikiza kwa miguu, mzunguko mmoja nyuma ya jeneza, kabla gari halijashika njia ya Bungoma.

"Nitazunguka nao," Wangeci alisema.

"Maitu, ni mzunguko mzima!"

"Naujua. Wewe ndiye hujawahi kuuzunguka."

Siku nne walifanya mazoezi kwenye ngazi, kidato kimoja kimoja. Jumamosi Wangeci alifika uwanjani na fimbo yake.

"Haiya, Mama Emmah! Umenenepa hivyo huko Mwihoko?" mwanamke mmoja alimtania huku machozi yakimtoka.

"Nimelishwa kama nguruwe wa Krismasi."

Wakacheka, wakalia, wakaanza kutembea. Vijana walibeba jeneza polepole, lakini polepole yao ilikuwa mbio kwa Wangeci. Katikati ya mzunguko, goti la kulia likakataa. Wote wakasimama.

"Endeleeni," akawaambia. "Msimcheleweshe, safari yake ni ndefu."

Emmah alikimbia kuleta kiti.

"Usinikalishe!"

Emmah akakiweka chini, akasimama kando ya mamake. Wakatazama jeneza likizunguka ng'ambo ya uwanja, likiingizwa garini, milango ikifungwa. Wangeci aliinua mkono kidogo, kama mtu anayemwita mwenzake amngoje. Gari likaondoka.

"Nisamehe, Maitu."

Wangeci alikunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena, uso umemkunjamana kwa maumivu.

"Gari limeenda kabisa?" aliuliza.

"Limeenda."

"Basi nipe bega. Tumalize nusu iliyobaki."

Iliwachukua karibu saa nzima, wakisimama kila Wangeci alipochoka.