Nafasi Juu ya Taarifa

Ofisi yetu ya Embu ilikuwa na kompyuta moja na anwani moja ya barua pepe, na anwani hiyo ilikuwa ya watu wote. Taarifa za shirika zilitoka Nairobi zikaenda Meru, kwenye ofisi kubwa, na Murithi wa Meru ndiye aliyetutumia sisi. Asubuhi niliunganisha laini ya simu na kompyuta, nikamwomba kila mtu asiguse simu, kisha nikasubiri mashine ikikoroma. Zilikuwa taarifa za mbegu: mtama utafika lini, mawele yamekwama wapi, ni vikundi gani vya akina mama wa Mbeere vitakavyogawiwa kwanza. Kazi hiyo niliiamini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, na nilidhani mbegu nzuri ikimfikia mkulima kabla ya mvua, mengine yote yatajipanga.

Taarifa ya Nairobi ilinifikia ikiwa imelala ndani ya ujumbe wa Murithi mwenyewe, kila mstari umetanguliwa na kialama kama ncha ya mshale. Juu yake palibaki nafasi. Hapo ndipo Murithi alipoandika.

Hakuandika mengi. "Huku kumenyesha tangu alfajiri, nimekumbuka ulivyovua viatu ukavuka matope ya soko." Au, "Mama amekuuliza. Nimemwambia unakula vizuri. Nimesema uongo?" Nilisoma, nikarudia, kisha nikanakili taarifa peke yake, nikaichapa na kumpelekea meneja. Ujumbe wenyewe niliufuta, kwa sababu Lorna, tuliyeketi naye chumba kimoja, aliifungua kompyuta ileile baada yangu. Kwa hiyo sina hata mmoja. Wakati ule sikuona kama ni hasara. Kesho ungekuja mwingine.

Tulikuwa tumejuana kwenye mafunzo ya kompyuta, yeye na mimi, tukigombania kiti kimoja na kipanya kimoja. Kimeru chake na Kimbeere changu vinaelewana kwa shida, hasa mkiwa na haraka ya kuambiana jambo, kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili. Kufikia Pasaka alikuwa amekuja kwetu Mbeere kumsalimu baba yangu, Mzee Mbaka. Akamweleza kwamba kwao mambo huanza kwa wanaume kuleta kifurushi cha miraa, na baba wa msichana akikipokea, mazungumzo ya ndoa yamefunguka. Baba hatafuni kitu. Ni mtu wa kanisa. Lakini alicheka mpaka akakohoa. Alisema na waje na miraa yao ndefu, yeye atawaonyesha muguka, majani ya kwetu yanayotafunwa kama miraa, waone kama watalala.

Tangu siku hiyo kila nilipokwenda nyumbani nilikuta ametengeneza kitu. Alipanua mlango wa ua wa miiba. Alichonga benchi. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo huniita Mama, na swali lake lilikuwa lilelile: "Mama, watu wa Meru wamesema watakuja lini?" Nikamjibu kwamba watakuja baada ya mavuno. Murithi ndiye aliyeniambia hivyo.

Mwezi wa Septemba nafasi ile ilitoweka. Ujumbe ulifika mweupe mtupu, na pembeni picha ndogo ya klipu ya karatasi. Taarifa ilikuja kama kiambatisho. Nilipokibonyeza kilifunguka peke yake, kimetulia kama kilivyotoka Nairobi, hakuna mkono wa mtu uliopita hapo. Ukurasa ule mweupe angeweza kuuandika akitaka, hilo nililijua. Lakini nilijiambia kwamba anayetuma kiambatisho hutuma kama anayetia bahasha kwenye sanduku la posta, hana pa kusimama akaongea.

Siku zikapita, viambatisho vikija. Lorna, ambaye kumbe alijua kila kitu tangu mwanzo, alinitazama akifuma sweta yake.

"Wewe Igoki, siku hizi husomi ukitabasamu," alisema. "Mbegu zimeoza?"

Nilicheka naye. Kisha dereva wetu akarudi kutoka Meru na habari iliyonipa uhai: ofisi yao imeletewa kompyuta mpya. Basi ndiyo hiyo. Programu mpya imepangwa kupeleka kila ujumbe kama kiambatisho, na Murithi hajui pa kubadilisha. Nilimwonea huruma, nikajilaumu kwa yale niliyokuwa nimeanza kuyawaza.

Nilimwandikia maelezo marefu. Afungue sehemu ya mipangilio, atafute panapohusu kupeleka ujumbe mbele, aondoe alama kwenye kiambatisho, aiweke kwenye kupeleka ndani ya ujumbe. Nilitoa sababu za kikazi, na zilikuwa za kweli: laini yetu ni mbovu, viambatisho hukatika katikati. Mwisho kabisa niliongeza, "Nafasi ya juu nimeikosa." Nikabonyeza kutuma, nikaenda kunywa chai nikiwa na moyo mwepesi.

Kesho yake asubuhi taarifa ilikuja ndani ya ujumbe. Vialama vyote vilikuwepo, kama zamani. Alikuwa amefuata maelezo yangu hatua kwa hatua. Juu yake palikuwa na ile nafasi, na ndani ya nafasi hapakuwa na neno.

Niliteremka hadi chini, labda ameandika mwishoni. Nilisoma taarifa ya mtama mstari kwa mstari, labda amechomeka neno katikati. Mtama wa Tharaka, magunia ya Ishiara, jina la meneja wa Nairobi na cheo chake. Lorna alinyanyuka bila kuulizwa, akasema anakwenda kuangalia stoo, akafunga mlango nyuma yake.

Nilikata mtandao ili nipate laini, nikampigia.

Aliuliza kama ujumbe umefika vizuri. Nikasema umefika vizuri.

"Murithi, nafasi umeiacha wazi."

Nyuma yake nilisikia watu wa ofisi yao wakibishana kuhusu funguo za gari.

"Niliiona," alisema. "Nilikaa mbele yake mpaka wenzangu wakaenda kula."

"Kuna mtu mwingine?"

"Hakuna. Angekuwepo ningekuwa na la kukueleza." Akavuta pumzi. "Ile mashine mpya ilipoanza kutuma bila kunidai neno, Igoki, nilihisi nimepumzika. Halafu nikaogopa, kwa vile nilikuwa nimepumzika."

Nilimuuliza kuhusu miraa, kwa sababu baba yangu angeniuliza. Akasema haitakuja. Aliniomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru, na safari hii Kimeru chake nilikielewa chote.

Jumamosi nilikwenda Mbeere. Baba alikuwa akilainisha benchi kwa kipande cha chupa, mbuzi wamemzunguka. Alisogea ili niketi, akaanza kuniambia ataomba mabenchi mengine kanisani, maana Wameru wakija huja wengi. Nilimwambia hawaji. Hakuuliza kosa ni la nani. Aliendelea kukwangua ubao pale pale alipokuwa, mpaka pakawa laini kuliko kwingine kote.

"Basi benchi ni la kwako, Mama," alisema. "Utakuwa unakalia ukija."

Jumatatu niliunganisha simu, nikawaomba watu wasiiguse. Taarifa ilikuja ndani ya ujumbe, kama nilivyoomba, na tangu hapo imekuja hivyo daima. Murithi ni mtu wa kutimiza anachoombwa. Ilisema mtama wa Mbeere umefika na ugawaji uanze wiki hiyohiyo, kabla ya mvua. Nilifurahi kwa ajili ya wale akina mama. Nilifurahi kweli, nikiwa nalia.

Kisha nikauchapa ujumbe wote kama ulivyokuwa, nikampelekea meneja. Hapakuwa na cha kukata.